Keki Niliyooka Bila Kuionja

Mama alinisemea bila kuniuliza. Akina mama wa kanisa letu la Nyalenda, mtaani kwetu Kisumu, walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya nyuma baada ya ibada, wakigawana vitu vya kuleta kwenye mnada wa harambee. Huyu jogoo, yule mkungu wa ndizi, mwingine debe la mtama. Mimi nilikuwa nje karibu na dirisha, nikimngoja. Nikamsikia akisema, "Kwangu mimi kutatoka kitu kitamu. Kijana wangu anaoka."

"Anaoka nini, matofali?" mama mmoja akauliza.

Wakacheka wote. Mama naye akacheka, kisha akajibu, "Ndiyo, matofali. Na mtayapigania."

Hofu ikanishika pale pale dirishani, na haikuniachia mpaka harambee ilipopita. Nikiogopa hujisikia kama mtu aliyemeza kokoto.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na alama zangu hazikunipeleka popote. Mama aliuza samaki wa kukaanga sokoni, nami nilibaki nyumbani nikichota maji na kutafuta kazi ambayo yenyewe haikunitafuta. Kuoka nilijifunza peke yangu. Siku moja njugu tulizonunua zilikuja zimefungwa kwa ukurasa wa jarida la akina mama, na kwenye ukurasa huo kulikuwa na maelezo ya kuoka keki. Nusu ya maelezo ilikuwa imelowa mafuta, haisomeki, kwa hiyo nusu ya keki nililazimika kuibuni. Oveni hatukuwa nayo. Nilitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka sufuria ndogo juu ya mchanga, nikafunika, na juu ya kifuniko nikapanga makaa ya moto. Keki ya kwanza iliungua juu na chini, na katikati ikabaki uji.

Mtu mwingine angeacha. Mimi sikuacha, na usifikiri ni ushujaa. Kitu kikiniharibikia siwezi kukaa nacho chumba kimoja. Lazima nikirudie mpaka kinyooke, na kikishanyooka bado nakizunguka nikitafuta kasoro.

Harambee yenyewe ilikuwa ya kumsaidia rafiki yangu. Tuliketi dawati moja tangu darasa la kwanza. Baba yake alifariki, na kabla ya mwaka kwisha mama yake akafuata, kwa ule ugonjwa ambao siku hizo watu waliuzungumzia kwa kutikisa kichwa bila kuutaja. Akabaki na wadogo zake wawili, wasichana, mmoja wa darasa la tano na mwingine ambaye ndiyo kwanza meno ya mbele yalikuwa yamemng'oka. Waliishi na nyanya yao, ambaye mtaa mzima tulimwita Dani, kama Waluo wanavyomwita bibi yeyote. Nyumba ya Dani ilikuwa ya udongo, na mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimebomoa paa la upande mmoja. Wote wanne walilala upande uliobaki. Rafiki yangu alifanya kazi ya mjengo mjini, akibeba mawe na simiti, ili wapate chakula.

Baba yao mdogo aliishi Port Victoria, mji wa ziwani mbali na Kisumu. Alinunua samaki ufuoni na kwenda kuwauza miji mingine. Hakuwa mtu mbaya. Matanga yalipokwisha alikuja akasimama ndani ya nyumba ya Dani, akatazama juu mahali ambapo mawingu yalionekana, akasema, "Masika yakifika na nyumba iko hivi, hawa wasichana nitawachukua. Mdogo atakaa kwangu. Huyu mkubwa ataenda Kondele kwa shangazi yake, amsaidie kibandani. Wewe ni mwanamume, hutakosa pa kulala."

"Tutapata mabati, Baba," rafiki yangu akamwambia.

"Pateni."

Ilikuwa hivyo tu. Paa likipatikana kabla ya mvua, wanabaki pamoja, lisipopatikana, wanagawanywa. Nami, kwa jinsi akili yangu ilivyo, nilipata njia ya kuibebesha keki moja paa hilo lote. Ikiwa mbaya, watu watacheka. Wakicheka, hawatapandisha bei. Wasipopandisha bei, mtoto anaenda Port Victoria. Nilijua kulikuwa na jogoo na ndizi, na bahasha za watu wenye kazi zao. Lakini kujua jambo hakujawahi kunituliza.

Lakini wakati huo hata keki haikuwa imeamuliwa. Mama alikuwa amesema "kitu kitamu" tu, na swali la kitu gani lilinisumbua kuliko kukitengeneza.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kiislamu ambaye wazazi wake walifuata kazi ya reli kutoka pwani, wakafika Kisumu na hawakurudi. Aliniruhusu kukaa jikoni kwake nikimtazama akipika mkate wa sinia, mpaka nami nikaweza kuupika: mchele uliolowekwa ukatwangwa, tui, sukari, iliki, unaumuka taratibu kisha unaiva ukiwa na vitundu juu. Mpaka leo naamini sijawahi kutengeneza kitu kitamu kuliko ule mkate. Nikamwendea.

"Mama, nikipeleka mkate wa sinia?"

"Kanisani kwenu?"

"Wataula, Mama."

"Wataula, nani amekataa? Lakini sikiliza, mwanangu. Kitu cha mnada hakianzi na kuliwa, kinaanza na kutazamwa. Aliyekaa nyuma kabisa akione, atamani. Huu mkate wangu, mtu wa nyuma ataona sinia. Atasema, wanauza sinia."

Mama yangu alitaka kashata. Njugu tulikuwa nazo, zimeletwa kutoka shambani, na kashata zangu zilikuwa zinang'aa kama kioo. "Hazivunjiki, haziyeyuki," akasema.

"Kila mtoto pale stendi anauza kashata, Mama. Nani atapandisha bei ya kitu anachouziwa dirishani mwa basi?"

"Haya, fanya unavyojua. Lakini kumbuka watacheza nacho."

Nilimsikia vizuri. Nilikuwa nimekulia kwenye harambee. Nilijua kwamba mnada wa kanisani si mtu kusimama mezani na kutaja bei. Kitu kikipanda bei, akina mama hukinyanyua, wakajitwika kichwani, wakazunguka nacho wakiimba, na anayekinunua mara nyingi hasemi "nipeni," anasema "narudisha," ili kiuzwe tena, na tena wakizunguke nacho. Nilishawahi kuona mkungu mmoja wa ndizi ukiuzwa mpaka ukaanza kudondosha ndizi. Haya yote nilikuwa nayo kichwani, lakini yalikaa upande mmoja na keki ikakaa upande mwingine, havikukutana.

Nikachagua keki ya duara mbili, ndogo juu ya kubwa, iliyopakwa sukari ya rangi ya waridi. Niliiona kwenye harusi moja mjini na sikuisahau.

Nikaanza majaribio. Sitasema nilitumia mayai mangapi, Mama bado yuko hai. Keki iliyopasuka juu niliikataa. Iliyoinama upande, hata kwa unene wa kidole, niliikataa. Na kila niliyoikataa ilikuwa na mlaji wake. Yule mdogo wa rafiki yangu, mwenye pengo, alikuwa ameijua harufu ya jiko langu. Alikuja akasimama mlangoni mikono nyuma.

"Hii nayo imeharibika?" Aliuliza kwa matumaini kabisa.

"Imeharibika."

Akala ameketi kizingitini, akikusanya makombo kwenye gauni. Alikuwa mlaji mzuri. Hakusifu. Alisema "hii ngumu," au "hii ina chumvi," au hakusema kitu, ndipo nilipojua kwamba iko sawa. Siku moja akaniuliza, "Ile nzuri nitakula lini?"

"Ile nzuri si ya kuliwa, ni ya kuuzwa."

Akafikiri. "Basi haribu nyingi."

Jumamosi nikaoka ile yenyewe. Ilitoka ikiwa imenyooka, rangi yake moja pande zote, nami badala ya kufurahi nikapatwa na hofu mpya. Zile nyingine zote zilikatwa, nikaziona ndani. Hii hakuna wa kuikata. Keki ya mnada hutoka kwa mwokaji ikiwa nzima, na mwokaji hajui kilichomo. Nikachomeka kijiti cha ufagio, kikatoka kikavu. Nikawaza labda kimepita upande ulioiva. Nikachomeka pengine, na pengine, mpaka keki ikawa kama chujio. Kisha nikaifunika kwa ile sukari ya waridi na sikuwa na njia nyingine ya kuiuliza.

Rafiki yangu akapita jioni akitoka kazini, vumbi la simiti mpaka kwenye kope. Akasimama mbali na meza, mikono ameiweka nyuma vile vile kama mdogo wake.

"Aisee. Hii ni ya harusi."

"Huoni imeinama huku?"

"Wewe ndiye umeinama." Kisha akajifuta vumbi machoni. "Sikiliza. Nimeongea na mwalimu wa kanisa. Nimemwambia atangaze harambee ni ya paa, basi. Asituite mbele. Mimi sitaki kusimamishwa pale nikitazamwa kama ng'ombe wa maonyesho. Amekubali."

"Kama amekubali, amekubali."

"Ee. Nilitaka tu na wewe ujue."

Jumapili tuliibeba mimi na Mama juu ya sinia, sinia ndani ya karai, tukienda polepole, watu wakitupisha njia. Mama aliisalimia kila nyumba tuliyopita. Mimi sikumsalimia mtu, nilikuwa nikitazama sukari.

Mnada ulikuwa chini ya tenti, uwanjani mwa kanisa. Aliyeuza ni mwalimu wa kanisa mwenyewe, mtu mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo. Jogoo akaenda, akarudishwa, akaenda tena. Ndizi zikaenda. Jua lilikuwa limepanda na tenti lilikuwa la turubai zito, ndani kunachemka. Nikaona pembeni mwa keki yangu, pale duara ya juu inapokutana na ya chini, sukari inaanza kung'aa. Sukari ya kupambia ikianza kung'aa, inayeyuka.

"Sasa tumefika kwenye kitu cha wakubwa!" mwalimu akasema. "Hii imeokwa Nyalenda, kwenye jiko la makaa, na kijana! Wasichana, mnasikia? Anayetaka bwana wa kumpikia chai, kijana ni huyu!"

Watu wakacheka, vichwa vikanigeukia. Bei ya kwanza ikatajwa, ikapandishwa, na wale akina mama wakainuka. Yule aliyeuliza juu ya matofali ndiye aliyejitwika sinia la keki. Alikuwa mcheza ngoma hodari, shingo imetulia, mabega yanafanya kazi. Sinia halikutikisika. Keki ilitikisika. Duara ya juu ilihama kidogo kila alipopinda, na sukari ya waridi ikaanza kumchuruzika kwenye kitambaa cha kichwa.

"Narudisha!" aliyenunua akapiga kelele.

Wakazunguka tena. Ufa ukatokea. Niliuona kabla ya mtu mwingine yeyote, nikafumba macho, na nilipoyafumbua mwalimu wa kanisa naye alikuwa ameuona.

"Jamani, keki inaanguka! Mnaiona? Nani ataiokoa? Bwana, wewe wa shati la bluu, utaiacha ife na wewe uko?"

Bwana wa shati la bluu akapandisha. Mwingine akapandisha juu yake. "Narudisha!" Watu walikuwa wamesimama sasa, wanacheka mpaka wanafuta machozi, na kila keki ilipoinama bei ilipanda. Nilielewa kilichokuwa kikitokea. Keki iliyonyooka ingeuzwa mara moja ikawekwa kando. Hii yangu iliyokuwa ikifa mbele ya watu wote ilikuwa ikinunua mabati. Nilipaswa kushangilia. Mama alikuwa akishangilia, amepanda juu ya benchi. Mimi nilikuwa nikitamani wamalize, nikitamani ianguke kabisa.

Mwisho akasimama mgeni wa heshima, mfanyabiashara mkubwa wa mjini aliyekaa meza ya mbele. Alitaja bei ambayo hakuna aliyeifuata. Makofi yakalia. Akanyoosha mkono watu wanyamaze.

"Mimi hii keki siondoki nayo. Hao watoto wako wapi? Waje mbele waichukue wenyewe, tuwaone."

Mwalimu wa kanisa akatazama chini. Kisha akatazama mahali rafiki yangu alipokuwa ameketi na Dani na wadogo zake, safu ya tatu kutoka nyuma. Angefanya nini? Mgeni alikuwa ameshatoa pesa.

Wakaenda. Rafiki yangu mbele, wasichana nyuma yake wameshikana mikono. Alikuwa amevaa shati la baba yake, mikono mirefu kupita vidole. Wakamwekea sinia mikononi, keki imeegemea kifua chake. Mtu mmoja mwenye kamera akawaambia wasogee karibu na mgeni.

"Semeni asante kwa mgeni wetu," yule wa kamera akasema.

"Asante," rafiki yangu akasema.

"Kwa sauti, kijana!"

"Asante."

Yule mdogo akapitisha kidole pembeni mwa keki, akakilamba. Watu wakacheka kwa huruma, mama mmoja akaanza kulia kwa sauti. Rafiki yangu hakunitazama. Alitazama juu ya vichwa vyetu, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke. Nikafikiri, kama ningeleta kashata asingekuwa amesimama pale. Huenda si kweli. Mgeni angeweza kuwaita mbele hata kwa jogoo. Lakini mpaka leo nikikumbuka siku ile ninaona ile keki ikiwa imempaka waridi kwenye shati la baba yake.

Tukaenda kwa Dani baadaye. Mwenyekiti wa akina mama akasema mabati yatanunuliwa wiki ile na fundi ameshapatikana. Dani alisema ero kamano, ero kamano, asante, asante, mpaka sauti ikamwishia. Baba mdogo naye alikuwepo. Alikuwa amekuja asubuhi akakaa nyuma kimya.

"Nimeona," akasema. "Mungu awabariki. Huyu mkubwa abaki, sina neno. Lakini fundi hajaanza, na mawingu mnayaona. Mdogo nitaondoka naye leo, mpaka nyumba iishe."

"Baba, ni wiki mbili tu," rafiki yangu akasema.

"Basi wiki mbili atakaa kwangu. Alale pakavu. Kuna ubaya?"

Hakukuwa na ubaya ambao mtu angeweza kuutaja. Rafiki yangu akachukua kisu, akaisogeza keki katikati ya meza. Mimi nikainuka.

"Unaenda wapi? Keki ni yako hii."

"Nakuja."

Nikaenda kusimama kwenye bomba la maji la mtaa, kati ya watu waliopanga madumu, kana kwamba nami nimekuja kuchota. Sikuweza kukaa niione ndani. Kama ni mbichi, sikutaka kujua siku ile. Niliporudi sinia lilikuwa na makombo na sukari tu. Rafiki yangu alikuwa ameketi chini, akifunga kipande kimoja kikubwa kwa karatasi, kile chenye sukari ya waridi nyingi zaidi. Akakifunga tena kwa leso ya Dani, akamning'inizia mdogo wake begani.

Mtoto hakulia. Aliuliza kama huko Port Victoria kuna jiko la mchanga. Baba mdogo akamwambia mchanga uko mwingi tu.

Walipoondoka nikamwuliza rafiki yangu, "Ilikuwaje?"

"Tamu."

"Ilikuwa imeiva?"

"Nimesema tamu." Alikuwa akikwaruza ile sukari ya waridi kwenye shati kwa kucha. "Siku nyingine niletee kitu cha kula tu. Hivi hivi, mlangoni."

Fundi alimaliza kabla ya mvua kubwa. Mabati mapya yaling'aa mpaka ukayaona toka barabarani, na Dani akalala upande aliotaka. Lakini wiki mbili zilipokwisha ujumbe ukaja kwamba mtoto ameshaandikishwa shule kule, si vizuri kumvuruga katikati ya muhula. Muhula ule ukaisha, mwingine ukaanza. Rafiki yangu alienda kumwona mara moja, akarudi bila kusimulia mengi. Mimi nilikuwa nimeacha kuoka. Ile sufuria ya mchanga niliisukuma nyuma ya nyumba, na paka wa jirani akaipatia kazi yake.

Yule mdogo alirudi likizo ya Krismasi. Alikuja akasimama mlangoni kwetu, mikono nyuma, amerefuka, na mahali pa lile pengo meno mapya yameota, makubwa kuliko uso. Safari hii baba mdogo hakusema atakuja lini kumrudisha kwake, na hakuna aliyemwuliza.

Mwaka mzima nilikuwa nikimsubiri kwa swali moja. Watu wazima husema tamu. Yeye hajawahi kunidanganya.

"Ile keki," nikamwambia. "Kipande chako. Ndani ilikuwa imeiva?"

"Sijui."

"Si ulipewa?"

"Sikukila. Nilikiweka kwenye sanduku langu, nije nikile na ndugu zangu nikirudi nyumbani." Akakuna mguu kwa mguu mwingine. "Halafu kikaota manyoya. Mama mdogo akakitupa."

Akachungulia ndani nyuma yangu, akavuta pumzi ya jikoni, akakunja uso.

"Leo hakuna iliyoharibika?"

"Hakuna."

Akaketi kizingitini hata hivyo, akakunjua gauni juu ya magoti kama wakati ule wa makombo, akangoja. Nikatoka nyuma ya nyumba kuangalia ile sufuria, kama bado inaweza kuoshwa.